Picha Zisizo na Mtu

Theonest hakuja Mafia kupiga picha. Alikuja kumsalimia dada yake, muuguzi aliyehamishiwa Kilindoni kutoka Bukoba, akiwa na mfuko mmoja wa nguo na kopo la senene wa kukaanga, wale panzi wanaopendwa kwao. Dada mtu aliwamaliza senene kabla hajamuuliza habari za safari. Theonest alipanga kukaa kidogo tu, kisha arudi kwao. Kwanza boti ikaharibika injini. Kisha bahari ikachafuka. Halafu akakutana na Jovina, mwalimu wa shule ya msingi, naye Mhaya kutoka Muleba, na tangu siku hiyo hakuulizia tena habari za boti.

Walioana, wakapata binti wakamwita Happy, na Theonest akafungua studio kwenye kibanda kando ya barabara ya kushukia gatini. Nyuma ya kiti cha mteja alitundika pazia lililochorwa mlima wenye theluji, ziwa, bata wawili weupe, na ndege ya abiria ambayo mchoraji, kwa kuishiwa nafasi, aliielekeza moja kwa moja kwenye mlima. Watu wa Kilindoni walilipenda sana pazia hilo. Ambacho hawakukipenda ni nyuso zao.

Hili ndilo lililomsumbua Theonest miaka yote ya kazi yake. Hakuna aliyewahi kuchukua picha akasema asante, huyu ni mimi. Mmoja alitolewa mweusi mno, mwingine alitolewa mnene. Mzee mmoja aliyefumba macho kila alipopigwa alidai kamera ina usingizi. Mwanamke mmoja alirudisha picha akasema pua ile si yake. Theonest akamuuliza, kama si yake ni ya nani. Yule mama akajibu kwamba hajui, lakini mwenyewe atafutwe, maana huko aliko naye lazima anahangaika.

Theonest alikuwa mtu mpole. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akapiga nyingine. Lakini jioni, akirudi nyumbani, alitembea ameinamisha kichwa kama mtu aliyeshinda anarushiwa maganda ya ndizi.

Ilikuwa katika miaka ile baada ya kuanzishwa kwa hifadhi ya bahari, wageni walipoanza kumiminika kisiwani kumtazama papa potwe. Kila mwenye kamera aliielekeza majini. Theonest akaitwa nje kidogo ya mji kupiga picha za harusi, na gari la bwana harusi likakwama kwenye mchanga. Wakati watu wanalisukuma, yeye akazurura katikati ya minazi kutafuta kivuli, akatokea kwenye kiwanda cha zamani cha mafuta ya nazi.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu watu wazima wa sasa wakiwa watoto. Bati la paa lilikuwa limeliwa na kutu hadi likawa kama chujio, na jua lilipita kwenye matundu yale likamwagika sakafuni kama sarafu. Mti ulikuwa umeota dirishani na kuisukuma nje fremu yake. Katikati lilikaa tangi kubwa la mvuke, jekundu kwa kutu, lenye mlango wa duara ulioachama. Theonest akainua kamera.

"Tulia hivyo hivyo," alisema, kwa mazoea.

Tangi likatulia. Akalipiga. Kisha akasubiri, maana alikuwa amezoea kusubiri lawama. Tangi halikusema neno. Akazunguka upande wa pili, akalipiga ubavuni, mahali ambapo mteja yeyote angekataa kupigwa. Tangi likanyamaza. Akahisi mabega yake yakishuka, na moyo ukatulia kwa namna ambayo haukuwahi kutulia ndani ya studio. Alipokumbuka harusi, bwana harusi alikuwa ameshafika, ameshaoa, na watu wanasukutua midomo baada ya pilau.

Albamu ya harusi hiyo ilizungumzwa Kilindoni kwa muda mrefu. Picha ya kwanza ilikuwa ya bi harusi. Ya pili, bi harusi na mumewe, wote wamechoka. Zilizofuata zote zilikuwa za tangi la mvuke. Shangazi wa bi harusi alizitazama kwa makini, akauliza kama huyu ni ndugu wa upande wa mume.

Tangu hapo Theonest akawa mtu wa magofu. Kila alipopata nafasi alichukua kamera akaenda kutafuta mahali palipoachwa: ghala la mbata za nazi lisilo na paa, winchi iliyooza, karakana ambayo mafundi walitoka siku moja wakaacha spana juu ya meza wasirudi. Alizisafisha picha zile kwa ukubwa, akazitandaza mezani nyumbani.

"Baba Happy," Jovina alisema, akiinua moja, "hii ni picha ya nini?"

"Ukuta."

"Naona ni ukuta. Nauliza aliyesimama hapo ni nani."

"Hakuna aliyesimama."

"Sasa ulikuwa unampiga nani?"

"Ukuta, Mama Happy. Tazama ule mchirizi wa maji ya mvua ulivyoshuka. Na ile kijani pale pembeni."

Jovina aliirudisha picha mezani taratibu, kama anayeweka yai. "Leo umekunywa maji?" akauliza.

Theonest akaenda kuitundika picha ya tangi studio, mahali pa heshima, karibu na mlango. Hapo ndipo Bibi Banu alipoikuta.

Banu alikuwa na duka la vitambaa na vyombo pale Kilindoni, mwanamke mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuipinga. Alikuja kupiga picha za pasipoti, maana yeye na mumewe Aqeel walikuwa wakijiandaa kwenda ziara Karbala. Akakaa mbele ya ule mlima na ile ndege, akatengeneza mtandio, na macho yake yakaangukia ukutani.

"Hiki si kiwanda cha babu yangu?"

"Ndicho, Bibi Banu," Theonest akajibu kwa furaha, akidhani amepata hatimaye mtu wa kumwelewa.

"Ulimwomba nani ruhusa?"

"Hakukuwa na mtu."

"Bwana Theonest," Banu akasema, "babu yangu Gulamhussein alikuwa hatoki hata barazani bila kufunga vifungo vyote vya koti. Wewe ungemkuta amelala kifua wazi, mdomo umeachama, ungempiga picha ukaitundike barabarani?"

Theonest akajaribu kueleza. Akasema habari za mwanga, na jinsi wakati unavyochora kwenye chuma. Akasema kutu ile ndiyo uzuri wenyewe.

"Kama kutu ni uzuri, nina sufuria nyingi stoo, nitakupa," Banu akamjibu. "Itoe hiyo. Jumamosi njoo kiwandani, utapiga nyingine."

Jumamosi Theonest alifika akasimama, akashindwa kuingia. Mti wa dirishani ulikuwa umekatwa. Sakafu ilikuwa imefagiwa na kupigwa maji. Kuta zote zilikuwa zimepakwa rangi ya waridi, iliyobaki, kama alivyoelezwa baadaye, walipopaka chumba cha binti wa Banu. Kwenye dirisha lisilokuwa na fremu walitundika pazia la lesi. Na tangi lake la mvuke, lile jekundu la kimya, lilikuwa limepakwa rangi ya fedha kuanzia juu hadi chini, linang'aa kama jino la bandia.

Mbele yake paliwekwa kiti, juu ya kiti picha ya Mzee Gulamhussein amefunga vifungo vyote, na pembeni ukoo mzima umejipanga kwa nguo za sikukuu. Kulikuwa na chai na kachori. Theonest alijisikia kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta majirani wamemnyoa mkewe.

Lakini alikuwa mtu mpole. Akapiga. Banu akaja kuitazama kwenye kioo cha kamera, akaridhika.

"Hapo sasa," akasema. "Hapo babu amevaa." Kisha akasogeza uso karibu zaidi. "Ila Aqeel umemtoa mfupi."

Watu wakamgeukia Aqeel, ambaye alikuwa mfupi. Aqeel akatazama kachori yake.

Njiani kurudi, Theonest alifikiri sana, akafikia uamuzi mmoja: atatafuta gofu lisilo na wajukuu.

Dereva wa bodaboda ndiye aliyemwambia habari za Ndagoni. Nje ya kijiji hicho, kwenye mwinuko juu ya pwani, kulikuwa na kijumba cha zege kilichojengwa na wanajeshi zamani za vita. Wengine walisema ni cha Mjerumani, wengine cha Mwingereza, lakini wote walikiita ngome. Theonest akamlipa dereva ampeleke hapo hapo.

Kwa adabu alianzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, bwana mmoja aitwaye Shaibu, aliyekuwa akishona wavu barazani kwake.

"Unatafuta nini?" Shaibu akauliza baada ya salamu.

"Picha ya ngome."

"Na ukishapiga picha?"

"Narudi nyumbani."

"Na ukisharudi?"

"Nitaitazama."

Shaibu akatabasamu kama mtu aliyeambiwa na mgeni kwamba hana njaa. "Sawa," akasema. "Karibu. Tazama unachotazama."

Theonest akapanda mwinuko peke yake, akainama, akaingia. Ndani palikuwa na chumba chembamba, kirefu, cha zege nene. Mchanga na majani makavu vilikuwa vimejaa hadi kufunika sakafu. Ukutani, upande wa bahari, kulikuwa na upenyo mmoja mwembamba, na kupitia huo mwanga ulikuja kama ubao mweupe, ukateleza ukutani polepole kadiri jua lilivyopanda. Chini kwenye ukuta unaotazamana na upenyo, palikuwa na kama kiti cha saruji kilichojitokeza kidogo juu ya mchanga.

Akaketi juu yake. Hapo, mwenyewe alisema baadaye, ndipo alipomwona yule askari. Hakumwona kwa macho, alimfikiria. Kijana wa watu, ametolewa mbali, ameketi hapa hapa, mikono juu ya magoti, anatazama bahari kupitia upenyo ule, peke yake na mawazo yake. Theonest akaikumbuka siku aliyoteremka gatini na kopo la senene. Machozi yakamlengalenga. Akaenda pembeni, akasubiri mwanga ufike juu ya kile kiti, akapiga picha moja.

Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga. Akaiita "Upweke wa Mlinzi." Jovina mwenyewe aliitazama kwa muda bila kuuliza habari za maji. Meneja wa hoteli moja kule Utende alipoiona imetundikwa studio, akaichukua, akaitia fremu, akaitundika kwenye ukumbi wa chakula. Wageni walisimama mbele yake na sahani mikononi. Mzee mmoja wa Kizungu, wakasema, aliitazama hadi supu yake ikapoa, akakataa kuletewa nyingine.

Theonest alirudi Ndagoni mara kwa mara, kuufuata mwanga. Hakujua kwamba kila alipoelekeza kamera, Shaibu, aliyekuwa amejilaza nyuma ya mnazi mkabala na mlango, naye alifuata ilikoelekezwa. Na kila mara ilielekezwa pale pale: sakafuni, karibu na kile kiti. Kijijini hapakuwa na mtu aliyeamini kwamba mwanamume mzima, mwenye mke na mtoto, anaweza kutoka Kilindoni kwa nauli yake kuja kutazama sakafu bila sababu. Wakaunganisha mambo. Mjerumani alipokimbia aliacha mali. Mali ile imezikwa. Bwana picha ana chombo cha kuiona, na chombo chenyewe kinafanana na kamera.

Siku moja asubuhi Theonest akafika akakuta nusu ya kijiji iko mwinukoni, na majembe, chepe na sururu. Mchanga unarushwa nje ya mlango wa ngome. Pembeni, chini ya kanga iliyofungwa kwenye miti miwili, Bibi Mwanaharusi, mwanamke wa makamo mwenye maneno mengi, anauza mihogo ya kukaanga kwa wachimbaji.

"Shikamoo, bibi. Kuna nini hapa?"

"Marahaba, baba. Wanafanya usafi wa mazingira," Mwanaharusi akajibu, na akakitazama kikaangio ili asicheke.

Shaibu akatoka ndani, amejaa vumbi mpaka nyusi. "Usafi wa mazingira," naye akasema. "Kiserikali."

Kabla Theonest hajajibu, ndani kukasikika sururu ikigonga kitu kigumu. Kisha wote wakataka kuingia kwa pamoja kupitia mlango wa kuinama, ikawa miguu mingi na vichwa vichache. Waliokuwa ndani wakafagia mchanga kwa mikono. Likatokea bamba la saruji, refu, lililounganika na kile kiti cha Theonest. Katikati ya bamba palikuwa na tundu la duara. Wakafagia zaidi. Likatokea tundu la pili, kisha la tatu, yamepangwa kwa mstari, nadhifu, yanalingana. Mtu akadondosha jiwe. Likakaa kidogo ndipo likasikika chini.

"Mashimo ya mizinga," Shaibu akasema kwa sauti ya heshima. "Hapa ndipo walipoisimamisha mizinga."

Wazo hilo likawapendeza wengi. Likapita mlangoni, likafika nje, likamfikia Mwanaharusi. Akaacha mihogo, akajipenyeza, akasimama juu ya bamba, akatazama tundu la kwanza, la pili, la tatu. Kisha, bila haraka, akakusanya kanga yake, akaketi juu ya tundu la katikati, mikono juu ya magoti, akatazama bahari kupitia ule upenyo.

"Shaibu," akasema akiwa ameketi hivyo hivyo, "huu ni mzinga wa namna gani?"

Halafu mmoja akaanza kucheka pembeni, akafuata mwingine, na kicheko kikatoka mlangoni kikashuka mwinuko mzima. Mtu aliyekuwa ameingia ndani zaidi kuliko wote, amelalia tumbo, kichwa kimo ndani ya tundu akitafuta dhahabu, akakitoa kwa uangalifu mkubwa.

Theonest hakucheka. Alibaki amesimama, akimtazama Mwanaharusi, ambaye alikuwa ameketi sawasawa kama yule askari wake, mkao ule ule, upweke ule ule. Akafikiria ukumbi wa chakula kule Utende. Akafikiria supu.

Siku hiyo hiyo alikwenda Utende kumwomba meneja aishushe picha.

"Kwa nini?" meneja akauliza.

"Ni choo."

"Nini choo?"

"Pale. Ile ngome. Ni choo cha wanajeshi. Hicho kinachopigwa na mwanga ni mahali pa kukalia."

Meneja akamshika bega. Alikuwa amesikia kwamba wasanii huzidharau kazi zao zikishapendwa, na sasa alikuwa amekutana na mmoja. Akampa soda, akamwambia akapumzike. Picha ikabaki pale pale, juu ya meza ya saladi.

Kijijini mambo yalikuwa magumu zaidi, maana wageni walioiona picha hotelini walishaanza kuja Ndagoni kuiulizia ngome. Shaibu akaitisha mkutano. Akasema kijiji kimekuwa na ngome kwa miaka yote, na hakioni sababu ya kuipoteza kwa sababu ya matundu. Wengi wakamuunga mkono. Ndipo Mwanaharusi akasimama.

"Ngome ziko Kilwa," akasema. "Ziko Unguja, ziko Bagamoyo. Mgeni ameziona mpaka amechoka. Nani amewahi kumwonyesha choo cha vita? Sisi tunacho, tena cha watu watatu, tunataka kukificha."

Baadhi ya watu wakaona ana hoja. Mkutano ukagawanyika. Vijana walitaka choo, wazee walitaka ngome, na mtu mmoja alitaka kurudishiwa sururu yake. Mwishowe Shaibu akamgeukia Theonest, aliyekuwa ameketi nyuma akiomba asionekane.

"Bwana picha, wewe ndiye uliyeanza haya. Sema."

Theonest akainuka. Kwa maisha yake yote alikuwa hajawahi kuombwa maoni na umati; umati ulikuwa ukimpa yeye. Akasafisha koo. "Mimi nasema kiandikwe kilivyo," akasema. "Walikijenga kwa zege, wakakielekeza baharini, wakaweka dirisha. Waliojenga hawakuona aibu. Sisi tunaona aibu ya nani?"

Wakaafikiana nusu kwa nusu, kama mikutano inavyokuwa. Kwenye njia ya kupandia mwinuko pakawekwa kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi nyeusi: NGOME NA CHOO CHA KALE. KARIBUNI. Shaibu aliongeza chini, kwa herufi ndogo, HAKITUMIKI, baada ya mgeni mmoja kuelewa vibaya.

Watu wakaja. Maharusi wawili walikuja na ngoma, wakapiga picha mbele ya mlango, bwana harusi akajigonga kichwa kwenye zege alipotaka kuingia. Bibi Banu naye alikuja na Aqeel, waliporudi kutoka Karbala. Alitembea ndani akiwa amebana mtandio puani, ingawa hapakuwa na harufu yoyote isipokuwa ya popo na bahari, akasema kwamba angalau waliofanya kazi hii walijua kusawazisha saruji.

Baada ya mvua za masika, wageni walipopungua, Theonest akarudi peke yake. Ndani palikuwa pamefagiwa. Matundu matatu yalikuwa wazi, na mwanga wa asubuhi ulikuwa unatembea juu ya bamba, unapita tundu la kwanza, unaingia la pili, unazama humo ndani hadi ukaonekana ukuta wa shimo, mbichi na wa kijani. Hakuwa ameyategemea hayo. Akaweka kamera sawa, akangoja, akapiga.

Kisha akaketi kidogo. Askari alikuwa bado yupo, ametolewa mbali, anaitazama bahari. Ila sasa alikuwa na wenzake, mmoja kila upande, na kwa jinsi walivyoketi wamekaribiana, hawakuweza kukaa bila kuzungumza. Theonest akajaribu kufikiria walizungumza nini. Pengine chakula cha kambini. Pengine mmoja alilalamika kwamba picha aliyotumiwa na mchumba wake imetoka vibaya. Akajikuta anacheka peke yake ndani ya zege, na sauti ikamrudia.

Alipotoka, Mwanaharusi alikuwa anawasha moto chini ya kikaangio.

"Umepata?" akamuuliza.

"Nimepata, bibi."

"Nani yumo?"

"Hamna mtu."

Mwanaharusi akatikisa kichwa, akamfungia mihogo kwenye karatasi, akamwongezea chumvi na pilipili.